Saa ya mbio na usingizi kwa muuguzi wa naiti: jibu kwa dada wa Moshi

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Kocha shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Moshi, naingia naiti mara kwa mara, na msimu ujao nataka nikimbie nusu marathoni ya Kilimanjaro. Simu yangu ni Tecno. Shemeji yupo Marekani ana Apple Watch Series 4 ananiuzia laki mbili, rafiki yangu ananiambia tafuta Garmin, afu dukani nimeona moja inaitwa Ultra elfu sitini ina mpaka presha na sukari. Nataka ya kupima mazoezi na usingizi, na isije ikaachwa bila apdeti baada ya mwaka. Bajeti mwisho laki nne. Nichukue ipi?"

Marahaba dada yangu, na pole na naiti. Naanza na ya shemeji maana hiyo ndo ina haraka, usije ukawa unasoma hapa huku ushatuma hela. Apple Watch na Tecno haziendani kabisa. Sio kwamba itafanya kazi nusu nusu au kuna apu ya kuzungukia, hapana, kuianzisha tu mara ya kwanza inataka iPhone, apdeti zinapita kwenye iPhone, usingizi wako na mbio zako vinaenda kukaa kwenye iPhone. Na hata ungekuwa nayo hiyo iPhone bado ningekwambia acha, Series 4 ni saa ya 2018, mfumo wa mwisho kuupata ni watchOS 10 wa 2023, ilipokuja watchOS 11 mwaka 2024 wakaiacha nje yenyewe na Series 5 na ile SE ya kwanza. Yaani kile unachoogopa kisikupate baada ya mwaka, hii ishakipata kabla hujaivaa. Betri ndo usiseme, ikiwa mpya Apple wenyewe walikuwa wanaandika masaa 18, sasa ya zamani hivo itafika wapi? Unaingia zamu jioni, asubuhi unatoka saa imezima, na usingizi wako wa mchana ndo hasa tunaotaka ipime.

Wenye iPhone mnaosoma hapa na mnauziwa za mkononi, angalieni iwe Series 6 kwenda juu au SE ya pili, hizo zimechukuliwa kwenye watchOS 26 ya 2025, afu hakikisheni anayeuza anaitoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yenu, kwa sababu zina kufuli ya akaunti, ukifika nayo nyumbani ikaanza kukuomba paswedi ya mtu usiyemjua basi umenunua bangili.

Hiyo Ultra ya elfu sitini sasa. Huku Chuga zimejaa, zinapendeza kwa macho, kioo kikubwa, kitufe cha chungwa pembeni kama ya Apple mwenyewe. Kwa kuangalia saa ngapi na kuona meseji wala sina ugomvi nayo. Ila wewe unataka vipimo, kwahiyo ukipita tena hapo dukani mwombe muuzaji aifunge kwenye chupa ya maji halafu bonyeza kupima presha. Mapigo ya moyo usiyatumie kwa jaribio hili, hata saa nzuri wakati mwingine inaokoteza namba za mapigo kwenye kitu kisicho na damu, mwanga unaruka ruka tu. Lakini saa inayokuambia chupa ina presha 120 kwa 80 hiyo irudishe kwenye boksi lake utoke kwa amani. Wewe presha unaijua kuliko mimi, ile mashine inajaa upepo inabana mshipa, na ndo maana Huawei kwenye Watch D waliweka kimfuko cha kujaa upepo ndani ya mkanda, na Samsung ambao wanakadiria kwa mwanga wanakulazimisha uilinganishe saa na mashine ya mkono kila baada ya siku 28. Ya elfu sitini haikulazimishi chochote, ukiuliza tu inajibu. Na sukari ndo kabisa, Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, walitoa tahadhari kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe bila kuchoma ngozi. Ukiona imeandikwa sukari kwenye boksi jua hata hivyo vingine vilivyoandikwa hapo viko hivyo hivyo.

Haya, tuje kwenye kuchagua sasa. Watu wengi wanaokuja kuniuliza, wakimbiaji wa hapa Arusha na waongoza watalii wanaopandisha mlima, wanaanzia kwenye sensa: ina oksijeni? ina ECG, yaani kusoma umeme wa moyo? ina aina ngapi za mazoezi? Mimi naanzia kwenye simu ya mtu, kisha naangalia kampuni itaihudumia hiyo saa mpaka lini, kisha betri, sensa naziweka mwisho. Sababu ni kwamba sensa za saa ya laki mbili na nusu na za saa ya milioni zimekaribiana kuliko bei zinavyoonyesha, kinachozitofautisha sana ni programu inayozisoma hizo sensa na kuzigeuza kuwa "umelala masaa sita" au "leo pumzika", na programu ndo kitu kinachokufa kabla ya kioo hakijapata hata mkwaruzo.

Na ukisema apdeti jua unasema vitu vitatu kwa mpigo. Kuna programu ya ndani ya saa, kuna apu ya kwenye simu, na kuna seva za kampuni huko ziliko. Kimoja kikianguka vingine viwili vinayumba. Pebble ilikuwa saa ya watu kuipenda kweli kweli, Fitbit wakainunua mwishoni mwa 2016, Juni 2018 seva zikazimwa, watu wakabaki na saa nzima betri inachaji vizuri ila sehemu kubwa ya huduma zake hamna, ikabidi mashabiki wenyewe wajitengenezee seva zao. Fitbit nae akanunuliwa na Google, mauzo yakakamilika Januari 2021. Samsung mwaka huo huo wa 2021 waliachana na mfumo wao wa Tizen wakaingia Wear OS ya Google kuanzia Galaxy Watch4, kwahiyo hizo Galaxy Watch Active na Watch3 unazoziona zinauzwa rahisi rahisi mitandaoni ziko upande wa mfumo ulioachwa, usishangae bei. Hata kampuni kubwa ya wakimbiaji kama Garmin, Julai 2020 walivamiwa na wadukuzi, kwa siku kadhaa dunia nzima watu hawawezi kuhamisha mbio zao kwenda kwenye apu. Saa ziliendelea kurekodi, hilo ndo zuri la saa inayojitegemea, ila unaona seva zilivyo na umuhimu.

Kwenye kutoa apdeti kila kampuni ina tabia yake. Apple anawapa wote siku moja mpaka siku anapokuacha, akikuacha amekuacha. Samsung kuanzia hiyo Watch4 waliahidi mpaka vizazi vinne vya mfumo. Garmin kwa kawaida vitu vipya vinakuja mwaka mmoja miwili ya kwanza, baada ya hapo unapata marekebisho ya makosa tu kwa muda mrefu, na kwa kweli hiyo inatosha kwa mkimbiaji. Coros wana sifa ya kurudisha vitu vipya kwenye saa za zamani, Pace 2 ya 2020 iliendelea kuletewa mambo miaka kadhaa baada ya kutoka, hiyo ndo ile ile waliyotoa toleo lenye jina la Kipchoge. Kwa saa yoyote ile unayoifikiria, kabla hujalipa ingia kwenye tovuti ya kampuni utafute ukurasa wa matoleo ya programu ya modeli hiyo hiyo, angalia tarehe ya mwisho. Kama la mwisho ni la mwaka juzi, jibu unalo. Kama huo ukurasa haupo kabisa, jibu unalo zaidi.

Halafu kuna apdeti ndogo ambayo watu hawaijui na ndo inayowasumbua barabarani. Saa yenye GPS inapakua kupitia simu kafaili kanakoiambia satelaiti zitakuwa wapi siku chache zijazo. Ukikaa wiki mbili tatu hujafungua apu, hako kafaili kanapitwa na wakati, siku unatoka asubuhi unasimama getini umeinua mkono juu dakika nne saa inatafuta satelaiti, unaanza kuitukana saa. Fungua apu usiku wa kuamkia mbio ndefu, basi. Na hako hako kafaili kakija kabovu ni balaa, mwisho wa Januari 2025 saa nyingi za Garmin ziliganda kwenye pembetatu ya bluu haziwaki, chanzo kilikuwa hako kafaili ka satelaiti, wakalirekebisha. Kwahiyo namwambia kila mtu: programu kubwa ya saa usiipandishe wiki ya mashindano. Subiri umalize, pumzika, kisha ndo uapdeti.

Tuje kwenye mbio zenyewe. Nusu marathoni ya Kili unajua inaanzia pale uwanja wa Ushirika na inapanda kwenda Mweka kisha inashuka, na ni mwezi wa pili jua la Moshi linavyojua kuwa jua. Njia kama hiyo peisi kwa kilomita inakudanganya, ukipanda kwa peisi ile ile ya tambarare utafika Mweka umeisha. Hapo unataka mapigo ya moyo. Saa inapima mapigo kwa taa za kijani zinazomulika damu kwenye kifundo cha mkono, damu ikipita mwanga unarudi kidogo, na kitu kinachoivuruga zaidi ni mtikisiko wa mkono. Ukishuka toka Mweka miguu inachapa hatua 170, 180 kwa dakika, saa iliyolegea mkononi inaanza kuhesabu hatua ikidhani ni moyo, unaona mapigo 178 wakati unashuka unaongea na mwenzio. Kaza mkanda, ipandishe juu ya mfupa wa kifundo upana wa kidole kimoja au viwili, baada ya mbio ilegeze. Rangi ya ngozi nayo inaulizwa sana: weusi wa ngozi unameza sehemu ya mwanga wa kijani, saa zinaongeza nguvu ya taa kufidia, na tafiti za mapigo hazijakubaliana tofauti ni kubwa kiasi gani. Kwenye oksijeni ndo kuna ushahidi mzito zaidi, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha hata oksimita za kidole za hospitalini zilipitwa na upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Hizo ni za hospitali, sasa ya saa uichukulie unavyojua. Waongoza watalii wananiuliza kama wanaweza kuacha oksimita getini wakategemea saa kule Kibo mita 4,720, jibu langu ni hapana na sina la kuongeza.

Ukitaka mapigo ya uhakika kwenye mazoezi ya kasi, yale ya dakika mbili mbio dakika moja pumzika, nunua mkanda wa kifua, unasoma umeme wa moyo wenyewe, kama ECG zenu za wodini ila yenye njia moja. Saa ya mkononi kwenye mazoezi ya aina hiyo inachelewa, unamaliza kipande ndo inapanda. Kwa mbio ndefu za taratibu saa tu inatosha. Kitu kingine badilisha mwenyewe mapigo ya juu kwenye apu, saa nyingi zinakuwekea 220 ukitoa umri, hiyo ni wastani wa watu wengi na mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nayo mapigo kumi na zaidi, na zoni zote, yale madaraja ya mapigo ya taratibu mpaka ya kasi, zinatoka kwenye hiyo namba. Tafuta kilima, panda kwa nguvu mara kadhaa ukiwa mzima wa afya na umepasha, namba ya juu utakayoona inakaribia ukweli kuliko hiyo ya hesabu.

GPS: saa za siku hizi zinazopokea mawimbi ya satelaiti kwa masafa mawili ni nzuri kwenye migomba mizito, msituni na kwenye maghorofa, ila kwa barabara ya Moshi iliyo wazi hata ya masafa ya aina moja inatosha. Ikikuandikia kilomita 21.4 badala ya 21.1 usianze kulalamikia waandaaji, njia inapimwa kwa mstari mfupi kuliko yote kwenye kila kona na wewe umekimbia ukizunguka watu na kufuata maji upande wa pili. Barometa ndo ningeiangalia kwa mtu wa Moshi, ile sensa ya hewa inayojua umepanda kiasi gani, kwa sababu urefu wa GPS peke yake unaruka hovyo na huku kwetu hamna mbio ya tambarare. Forerunner 55 haina, Forerunner 165 inayo.

Ya sekunde usiumize kichwa. Simbu wetu alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, Petros wa Ujerumani nae 2:09:48, walitenganishwa na kamera ya mstari wa mwisho, sio saa ya mtu.

Sasa usingizi, na hapa dada ndo nataka ukae vizuri kwa sababu swali lako ni gumu kuliko la wengi. Kipimo chenyewe cha usingizi cha kitaalamu kinakuwekea nyaya kichwani zinasoma mawimbi ya ubongo, machoni, na kwenye misuli. Saa haina hata kimoja kati ya hivyo. Inaangalia umetulia au unajigeuza, na moyo unapigaje, pengo kati ya pigo na pigo linabadilikaje, kisha inakisia. Kukisia kwamba umelala au uko macho inajitahidi, ila ina upendeleo, mtu aliyelala chali kimya anawaza ada ya shule inamhesabia kalala. Kukisia usingizi mzito, mwepesi, na wa ndoto ni dhaifu zaidi, vaa saa mbili za kampuni tofauti usiku mmoja uone zinavyogombana. Kwahiyo ukiamka umeandikiwa usingizi mzito dakika 38 usianze kusononeka, hiyo namba ya usiku mmoja haina uzito. Kuna watu wanakosa usingizi kwa sababu ya kuwaza alama za usingizi, wamefika kwangu, dawa niliyowapa ni kuzima hiyo alama wabaki na masaa tu.

Kwa mtu wa naiti kuna tabaka lingine. Saa nyingi zimetengenezwa zikiamini watu wanalala usiku. Garmin kwenye apu unawekewa muda wa kawaida wa kulala na kuamka, ukilala saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana na muda uliowekwa ni wa usiku, inaweza isikuhesabie vizuri, wiki ya naiti inabidi ubadilishe huo muda kwenye mipangilio, wiki ya mchana urudishe. Modeli zake mpya, kuanzia Venu 3 ya 2023, zikaanza kutambua usingizi mfupi wa mchana. Fitbit inaandika usingizi wa muda wowote ukizidi saa moja, na ukizidi masaa matatu inakupa na hatua zake, kwa watu wa zamu hii ni nzuri, ila Fitbit huku kwetu kuipata mpya na warantii ni shida. Amazfit na Huawei nazo zinaandika usingizi wa mchana.

Na jiandae kisaikolojia, saa itakuona mgonjwa. Usingizi wa mchana ni mfupi, joto la mwili linataka uwe macho, jirani anafungulia redio, mapigo ya kupumzika yanakuwa juu kidogo, saa inakupa alama 52 na neno la huruma. Sio kwamba umefanya kosa, inakulinganisha na mtu anayelala saa nne usiku. Unachofanya, angalia vitu viwili tu: jumla ya masaa uliyolala kwenye masaa 24, usingizi mrefu na vipande vyote pamoja, na mapigo ya kupumzika kwa wastani wa wiki. Linganisha wiki ya naiti na wiki ya naiti nyingine, usiilinganishe na wiki ya mchana. Mapigo ya kupumzika yakipanda matano mpaka kumi juu ya kawaida yako siku mbili tatu mfululizo, iwe ni uchovu au malaria inakuja, mbio ya kasi iache, tembea. Na mbio ndefu usiiweke asubuhi unayotoka zamu hata kama saa imekuambia uko tayari, kuvuka barabara ya Moshi na Arusha na usingizi kichwani ni hatari kuliko faida yoyote ya kilomita 15. Iweke siku ya pili ya ofu.

Jambo la mwisho la usingizi linarudi kwenye apdeti: kampuni zikibadilisha hesabu zao, namba zako zinaruka usiku mmoja bila wewe kubadilika. Ukiona usingizi mzito umepanda mara mbili ghafla, kabla hujashukuru mchaichai angalia kama saa iliapdeti juzi.

Haya, ununue ipi. Kwa laki nne na Tecno, ningekuwa mimi ningechukua Amazfit Active 2. Ilitoka 2025 Marekani kwa dola 99.99, ina GPS yake, ina barometa, inaingia majini mita 50, betri kampuni inasema siku kumi, ukikimbia na GPS mara nne kwa wiki utachaji mara moja kwa wiki hivi, umeme ukikatika hukosi usingizi. Bip 6 ya kampuni hiyo hiyo ilitoka kwa dola 79.99, betri wanasema siku 14, ni nzuri pia, ila kwa hiyo tofauti ndogo chukua Active 2. Zote zinapeleka mbio Strava, ile apu ya wakimbiaji. Garmin Forerunner 165 ni saa bora ya mkimbiaji, rafiki yako hajakosea, ilitoka 2024 kwa dola 249.99, Coros Pace 3 ya 2023 dola 229, bei hizo kwa hela yetu zinapita laki tano kabla hata ya usafiri na kodi. Kama unaweza kusubiri miezi mitatu ukaongeza hela, Pace 3 au 165, hapo unanunua vitufe vya kubonyeza ukiwa na jasho na mipango ya mazoezi iliyokomaa. Kama huwezi, Active 2 itakufikisha Mweka na kukurudisha. Galaxy Watch nisikufiche ni nzuri na inakubali Tecno, ila ECG na presha zinataka simu ya Samsung, na betri ni ya kuchaji kila siku au kila baada ya siku moja na kidogo, kwa naiti zako hapana. Mi Band ya kawaida, achana nayo kwa mbio, haina GPS yake, inaazima ya simu. Huawei ni nzuri sana kwa betri, ila apu yake toleo jipya mara nyingi unaipakua nje ya Play Store, ukiwa huna ushamba na hilo sawa.

Forerunner 255 ya mkononi ukiipata ndani ya bajeti kwa mtu unayemwamini, chukua bila kujiuliza sana, ina barometa na masafa mawili ya GPS, watalii na waongozaji wanaziuza wakihamia mpya. Iangalie chini kwenye vidoti vya kuchajia kama havina kutu ya jasho, iwashe GPS ukiwa nje uone inapata satelaiti, na aifute data zake mwenyewe.

Ukishaipata, Tecno yako itajaribu kuiua. Simu hizi kubana betri ndo kazi yao, zinafunga apu ya saa nyuma ya pazia, meseji haziji, usingizi hauhami, mtu anasema saa mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, apu ya Zepp, ndo apu ya Amazfit, iruhusu ijiwashe yenyewe, itoe kwenye kubana betri, iache na ruhusa ya mahali muda wote. Apdeti za saa fanya kwenye Wi-Fi, saa iwe na chaji zaidi ya nusu, na simu ikae karibu usiondoke nayo, kwa Bluetooth inaweza kuchukua nusu saa nzima. Ukienda Chemka kuogelea unaweza kuingia nayo, maji yale hata sio ya moto kama watu wanavyosema, ila bafu la maji ya moto na sabuni ivue, mvuke unakula mpira unaozuia maji.

Kwa shemeji sasa: mwambie asante kwa Apple Watch, amuuzie mwenye iPhone huko huko, wewe mtumie hela ya Active 2 aibebe akija likizo. Toleo liwe la dunia nzima, boksi lisiwe la Kichina, na aongeze kidude cha kuchajia cha pili, kile cha sumaku, kwa sababu ni cha saa hiyo hiyo tu na ukikipoteza Moshi utakizunguka mji mzima.